Waombaji wangapi, viti vingapi: kukadiria ushindani wa MBA kabla hujalipa ada ya maombi

Msimu wa maombi ya MBA (shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara) ukikaribia, swali linalozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ni lilelile: "Chuo fulani wanachukua asilimia ngapi?" Mmoja anajibu kumi na moja, mwingine anasema sita, wa tatu anatuma picha ya skrini ya miaka mingi iliyopita, na mjadala unaishia hapo. Inawezekana wote watatu wako sahihi na muulizaji bado hajasaidika, kwa sababu asilimia hiyo inahusu faili zote zilizopokelewa. Ya kwake ni moja tu kati ya hizo, na haifanani na nyingi.

Mwongozo huu unakutoa kwenye asilimia ya jumla na kukufikisha kwenye idadi ya viti unavyovigombania kweli. Mahitaji ni jedwali la Excel, jioni mbili zisizo na kelele, na moyo wa kukubali kwamba jibu litakuja kama masafa: kati ya namba hii na ile. Mifano mingi nimeichukua Marekani kwa kuwa vyuo vya huko ndivyo vinavyochapisha takwimu kwa wingi. Ulaya na vyuo vya kwetu nitavifikia baadaye, na huko mbinu ni tofauti kidogo.

Kwa nini ujisumbue? Ada ya maombi ya Harvard ni dola 250. Stanford na Wharton (shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Philadelphia) dola 275 kila kimoja. Ukiomba vyote vitatu umeshatoa dola 800, yaani karibu shilingi milioni mbili za Kitanzania au zaidi ya laki moja za Kenya, na hapo hujagusa gharama ya GMAT, mtihani wa kuomba shule za biashara. Fedha hiyo hairudi hata wakikukataa wiki inayofuata.

1. Kusanya namba, kwa mwaka wa kuingia

Kila chuo kikubwa cha Marekani kina ukurasa wa wasifu wa darasa jipya. Humo tafuta idadi ya maombi na idadi ya waliojiunga. Ipo namba ya tatu, ya waliokubaliwa, na hiyo ndiyo mara nyingi haimo. Tutaitafuta kwa hesabu.

Kabla hujaandika chochote, angalia jina la mwaka. Wamarekani huliita darasa kwa mwaka wa kuhitimu: darasa la 2026 ni watu walioingia Agosti 2024 na kuomba kati ya Septemba 2023 na masika ya 2024. Mwandishi mmoja atatumia mwaka wa kuhitimu, mwingine wa kuingia, na ukichanganya utalinganisha msimu mmoja na wenyewe ukidhani ni miwili. Mimi hutumia mwaka wa kuingia kila mahali, na hivyo ndivyo nitakavyoandika hapa.

Harvard kwanza, kwa sababu mfululizo wake unafundisha mengi:

Walioingia 2020: maombi 9,304, darasa watu 732.
Walioingia 2021: maombi 9,773, darasa watu 1,010.
Walioingia 2022: maombi 8,264, darasa watu 1,015.
Walioingia 2023: maombi 8,149, darasa watu 938.
Walioingia 2024: maombi 9,856, darasa watu 930.

Kwa walioingia 2024, Stanford ilipokea maombi 7,295 kwa darasa la watu 424. Wharton 7,322 kwa darasa la watu 866. Columbia 7,487 kwa watu 972, wa Agosti na wa Januari pamoja.

Kishawishi cha kwanza ni kujumlisha. Vyuo hivyo vinne vina maombi 31,960 kwa msimu mmoja, na mtu akiiona namba hiyo anakata tamaa kabla hajafungua fomu. Lakini hao si watu 31,960. Mwombaji makini wa MBA huomba vyuo kadhaa kwa mpigo, na anayeomba Harvard mara nyingi ana faili Stanford na Wharton pia. Watu halisi ni wachache kuliko hapo, na wakishapata chuo wanachokitaka wanaviacha viti vingine.

2. Gawanya: waombaji kwa kila kiti

Hii ndiyo hesabu rahisi na ya kuaminika kuliko zote, kwa sababu inatumia namba mbili ambazo chuo chenyewe kimezichapisha. Gawanya maombi kwa waliojiunga. Harvard ya 2023 inatoa waombaji 8.7 kwa kiti, ya 2024 inatoa 10.6. Stanford ilipanda kutoka 14.4 (maombi 6,190, darasa 431) hadi 17.2. Wharton ilitoka 7.1 (maombi 6,194, darasa 874) hadi 8.5.

Tazama kilichotokea hapo. Madarasa hayakubadilika sana, waombaji ndio walioongezeka: asilimia 21 Harvard, asilimia 18 Stanford, asilimia 18 Wharton, ndani ya mwaka mmoja. Aliyeomba kuingia 2023 na aliyeomba kuingia 2024 wakiwa na faili zinazolingana hawakukutana na mlango wa upana mmoja.

Maelezo yake si ya ajabu. Kazi zikiwa nyingi na mishahara ikipanda, kama ilivyokuwa Marekani 2021 na 2022, kijana wa miaka 27 haoni sababu ya kuacha kazi akasome. Kampuni za teknolojia na benki zikianza kupunguza watu, shule inakuwa mahali pazuri pa kujistiri miaka miwili. GMAC, taasisi inayomiliki mtihani wa GMAT, huchapisha kila mwaka utafiti wa mwenendo wa maombi. Ule wa 2023 ulionyesha kushuka, ule wa 2024 ukaonyesha kupanda kwa asilimia 12 kwa shahada za uzamili za biashara kwa ujumla. Usome utafiti huo unapotoka. Unaonyesha upepo wa soko zima, wakati ukurasa wa chuo unaonyesha upepo wa chuo kimoja.

Kwa msimu wako mwenyewe, ambao takwimu zake bado hazijatoka, chukua miaka mitatu iliyopita na uweke namba ya juu kabisa. Kwa mfano wetu wa Harvard mimi ningeweka 10,000. Mwenye tahadhari hapangi safari kwa nauli ya mwaka iliposhuka.

3. Tafuta waliokubaliwa

Asilimia ya udahili si waliojiunga kugawanywa kwa waombaji. Ni waliokubaliwa kugawanywa kwa waombaji, na waliokubaliwa daima ni wengi kuliko waliojiunga, maana wapo wanaokwenda kwingine, wanaopandishwa cheo kazini wakaghairi, na wanaokosa fedha.

Kinachounganisha namba hizi ni kiwango cha kujiunga: kati ya watu mia waliokubaliwa, wangapi wanakuja kweli. Harvard na Stanford kiwango chao kiko juu sana, kwenye asilimia themanini na kitu hadi tisini. Chuo kikubwa kinachofuatia hapo chini kinaweza kuwa kwenye hamsini au sitini. Gawanya waliojiunga kwa kiwango hicho, utapata makadirio ya waliokubaliwa.

Harvard, walioingia 2024: ukiweka kiwango cha asilimia 90, waliokubaliwa ni kama 1,033, na udahili ni asilimia 10.5. Ukiweka 80, waliokubaliwa ni kama 1,163, na udahili ni asilimia 11.8. Kwa hiyo andika "kati ya 10.5 na 11.8" na uendelee, kubishana kama ni 11.1 au 11.3 hakutabadilisha uamuzi wako wowote. Stanford kwa kiwango kati ya 80 na 90 inaangukia kati ya asilimia 6.5 na 7.3.

Wharton ndipo pananoga. Ukiweka kiwango cha kujiunga kati ya asilimia 55 na 65, waliokubaliwa wanakuwa kati ya 1,332 na 1,575, na udahili kati ya asilimia 18 na 22. Sasa linganisha. Kwa waombaji kwa kila kiti, Harvard (10.6) na Wharton (8.5) hawako mbali. Kwa asilimia ya udahili, Wharton inaonekana nyepesi karibu mara mbili. Tofauti haitokani na wingi wa waombaji. Inatokana na ukweli kwamba aliyekubaliwa kotekote mara nyingi huenda Harvard au Stanford, na Wharton inalazimika kutuma barua nyingi zaidi ili darasa lijae.

Kwako mwombaji hilo lina faida halisi. Chuo chenye kiwango cha chini cha kujiunga kinakupa nafasi ya pili ambayo kwa Harvard ni finyu: orodha ya kusubiri inayosogea. Kuanzia Mei hadi Julai, wanaokwenda kwingine wanaachia viti, na simu zinapigwa. Pia chuo cha namna hiyo kinajali sana kama una nia ya kweli ya kuja. Insha inayoonyesha umezungumza na wanafunzi wake na unajua utasoma nini pale ina uzito wake.

4. Ondoa miaka yenye homa

Rudi kwenye ule mfululizo wa Harvard. Ukigawa waliojiunga kwa waombaji bila kufikiri, 2020 inatoa asilimia 7.9 na 2021 inatoa 10.3. Mtu anaweza kuandika kwa kujiamini kabisa kwamba Harvard ilikaza mwaka wa korona na kulegeza mwaka uliofuata.

Kilichotokea ni kingine. Mwaka 2020 Harvard iliwaruhusu waliokubaliwa kuahirisha masomo, na wengi waliahirisha, darasa likabaki na watu 732 badala ya wastani wake wa watu 930 hivi. Walioahirisha walikuja kukaa kwenye viti vya miaka iliyofuata, ndiyo maana madarasa ya 2021 na 2022 yalivimba kupita elfu moja. Aliyeomba 2021 aliona darasa kubwa na kudhani ana viti 1,010 vya kugombania. Sehemu ya viti hivyo ilikuwa na wenyewe kabla yeye hajafungua akaunti ya maombi. Kwa hiyo mwaka ulioonekana mwepesi kwenye jedwali ulikuwa mgumu mlangoni.

Kanuni ninayoitumia: namba ya darasa ikipanda au kushuka zaidi ya asilimia kumi kwa mwaka mmoja, usiitie kwenye wastani mpaka ujue sababu.

5. Ondoa viti vilivyokwisha kaliwa

Hata mwaka wa kawaida, si viti vyote viko wazi. Harvard ina mpango wa 2+2 unaowakubali wanafunzi wakiwa bado mwaka wa mwisho wa chuo. Wanakwenda kufanya kazi miaka kadhaa, kisha wanaingia darasani pamoja na wengine. Stanford, Wharton, Columbia na vingine vina mipango ya aina hiyo. Watu hawa wanahesabika kwenye darasa la mwaka wanaoingia, lakini walishindania kiti miaka ya nyuma.

Kwa makadirio mimi hutoa viti 100 kwenye darasa la Harvard. Viti 930 vinabaki 830. Kwa kiwango cha kujiunga cha asilimia 85, barua za kukubaliwa zinakuwa kama 976, na kwa maombi 9,856 hiyo ni asilimia 9.9. Tumeshuka kutoka kumi na moja hadi chini ya kumi bila mtu yeyote mpya kuomba.

Kisha kuna raundi. Vyuo vingi vya Marekani vina raundi ya kwanza Septemba, ya pili mapema Januari, na ya tatu karibu na Aprili. Harvard ina mbili tu. Vyuo havichapishi maombi kwa kila raundi, ila mantiki iko wazi: raundi ya tatu inagawana mabaki. Mmarekani aliyeko Boston anaweza kuingia raundi hiyo na akafika kwa wakati. Wewe wa Mwanza au Kisumu una viza ya kushughulikia, hati za benki, na pengine ufadhili ambao dirisha lake lilifungwa Januari. Kwa mwombaji wa kwetu raundi ya tatu iandikie sifuri kwenye jedwali, na uwekeze nguvu kwenye mbili za mwanzo. Kati ya hizo mbili, ya kuchagua ni ile ambayo faili yako itakuwa imeiva. Alama ya GMAT iliyopanda kati ya Septemba na Januari ina faida kuliko kuwahi.

6. Tafuta viti vya watu kama wewe

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wanapoacha.

Darasa la Harvard la walioingia 2024 lina asilimia 35 ya wanafunzi kutoka nje ya Marekani, yaani kama watu 326. Kwenye hao 326 kuna India, China, Brazili, Ulaya nzima, Mashariki ya Kati na Afrika. Chuo hakitangazi mgao wa viti kwa nchi, na maofisa wa udahili watakuambia hakuna mgao. Sawa. Lakini hakuna darasa litakalojazwa na wahandisi 200 wa aina moja kutoka mji mmoja, na hilo nalo wanalisema waziwazi: wanajenga darasa, wanataka mchanganyiko. Matokeo yake, unashindana zaidi na wanaofanana nawe kuliko na mtu wa jeshi la majini la Marekani.

Ili kujua kundi lako lina viti vingapi, hesabu watu. Ingia LinkedIn, fungua ukurasa wa chuo, nenda kwenye orodha ya wahitimu, chuja kwa mwaka wa kuhitimu na kwa nchi au chuo cha shahada ya kwanza. Fanya hivyo kwa madarasa matano yaliyopita. Tafuta Nairobi, Dar es Salaam, Kampala, Kigali. Kisha tafuta waliosoma Chuo Kikuu cha Nairobi, Makerere, UDSM, Strathmore, Ashesi ya Ghana. Wengi utawakuta wakifanya kazi London au Lagos, kwa hiyo kuchuja kwa mji wa sasa peke yake kutakupotosha. Vyama vya wanafunzi wa Afrika nao wana kurasa zao. Kile cha Harvard huandaa kila mwaka kongamano la biashara la Afrika na waandaaji wake hutajwa hadharani.

Ukimaliza utakuwa na namba ndogo, mara nyingine mkono mmoja kwa mwaka kwa Afrika Mashariki nzima. Isikutishe kabla hujaiweka kando ya namba ya pili: waombaji wa kwetu nao ni wachache. Mshauri wa biashara wa Mumbai anashindana na mamia wenye kampuni ileile, alama ileile na hadithi ileile. Aliyesimamia mikopo ya wakulima wa korosho Mtwara, au aliyepanua mtandao wa mawakala wa fedha za simu Kigoma, haandamani na foleni ndefu. Kazi yake ni kuieleza kwa namna ambayo msomaji wa Philadelphia ataelewa ukubwa wake: watu wangapi, fedha kiasi gani, kilichobadilika ni nini.

Ndani ya kundi lako, gawa tena kwa kazi. Ushauri wa biashara na fedha ndizo zinazotoa wanafunzi wengi kwenye vyuo hivi, na ndizo zinazotoa waombaji wengi pia, hata Nairobi. Ukitoka mojawapo ya kampuni kubwa za ushauri, washindani wako wa karibu wanakaa meza ya pili. Uliza kimyakimya ofisini wangapi wanaomba mwaka huu. Mara nyingi habari hiyo ina thamani kuliko takwimu yoyote iliyochapishwa.

7. Weka faili yako kwenye mizani

Alama ya GMAT ndiyo namba pekee ya kulinganisha moja kwa moja, na hapo pana mtego mpya. Mtihani ulibadilika Novemba 2023, na toleo la zamani likafungwa mwisho wa Januari 2024. Mizani ya sasa ni 205 hadi 805, na alama zote zinaishia na 5. Alama ya 645 ya sasa inakaribiana na 700 ya zamani. Alama zinadumu miaka mitano, kwa hiyo kwa muda bado utaona vyuo vikitaja mizani miwili kwa darasa moja. Harvard kwa walioingia 2024 ilitaja 740 ya mizani ya zamani kama alama ya katikati. Usichukue 740 hiyo ukailinganisha na 675 yako ya sasa na kuanza kulia. Tafuta jedwali rasmi la ulinganifu la GMAC.

Katikati maana yake nusu ya darasa iko chini yake. Alama haikuingizi, ila ikiwa chini sana inakutoa. Mimi hutumia kipimo kimoja tu: ukiwa ndani ya masafa ambayo chuo kinayataja kwa asilimia 80 ya katikati, acha asilimia yako ilivyo. Ukiwa chini ya masafa hayo, ikate nusu. Ukiwa juu ya alama ya katikati, usiongeze chochote. Kuna watu wanaojizidishia mara mbili kwa sababu ya alama. Hao ndio wanaoshangaa Machi.

Kuna habari moja ya katikati ya safari itakayobadilisha hesabu yote: usaili. Harvard na Wharton huita kwa mwaliko tu, na hakuna anayekubaliwa bila kusailiwa. Harvard ni nusu saa na mtu aliyeisoma faili yako mstari kwa mstari. Wharton unawekwa na waombaji wenzako mjadiliane mada moja huku mkitazamwa. Ukipata mwaliko, wengi wa wale elfu tisa wameshabaki nyuma na asilimia yako imepanda mara kadhaa kwa siku moja. Usipopata, huna haja ya kusubiri barua ili uanze kushughulikia chuo kingine cha raundi ya pili.

Vyuo visivyotoa idadi ya waombaji

Ulaya wengi hutaja ukubwa wa darasa na kunyamazia maombi. Basi hesabu viti. Shule ya biashara ya INSEAD huingiza wanafunzi mara mbili kwa mwaka, Fontainebleau (Ufaransa) na Singapore, jumla karibu elfu moja, kwa kozi ya miezi kumi. London Business School wako karibu na mia tano. Oxford zaidi ya mia tatu, kwa mwaka mmoja. Zaidi ya viti, tazama vichujio vinavyopunguza waombaji. INSEAD kwa muda mrefu imetaka lugha nyingine mbali na Kiingereza: Wamarekani wengi hapo hukwama, wakati msemaji wa Kiswahili amepita bila kutoka jasho. Kozi ya mwaka mmoja nayo huwatoa wanaotaka kubadili kazi kabisa kupitia mafunzo kazini ya kiangazi.

Kwa vyuo vya kwetu, iwe shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Strathmore ya Nairobi au ESAMI ya Arusha, piga simu ofisi ya udahili na uliza maswali mawili: mwaka jana mlipokea maombi mangapi, na siku ya kwanza darasani walikuwa wangapi? Swali la pili ndilo muhimu. Ukikosa jibu, soma matangazo ya chuo unachokilenga. Tangazo la kwanza, kisha "muda wa maombi umeongezwa", kisha "dirisha la pili limefunguliwa": hapo viti havijajaa, na ukikidhi GPA inayotakiwa na vyeti vyako vimekamilika, ushindani si tatizo lako. Tatizo lako ni ada na muda wa jioni. Chuo kinachofunga dirisha siku iliyotangazwa na kuita watu kwenye mtihani au usaili ndicho cha kukihesabia kama nilivyoeleza.

8. Panga orodha, na usijumlishe asilimia

Tuseme baada ya kazi yote hii umebaki na vyuo vinne vyenye makadirio ya 10, 10, 20 na 30. Wengi hujumlisha wakapata 70 na kulala usingizi. Hesabu sahihi ni kuanzia upande wa kukosa: 0.9 mara 0.9 mara 0.8 mara 0.7 ni kama 0.45, kwa hiyo uwezekano wa kupata angalau kimoja ni kama asilimia 55. Hata hiyo imekupendelea, kwa kuwa inachukulia kila chuo kinaamua bila uhusiano na kingine, wakati wote wanne wanasoma alama zilezile na barua ileile ya bosi wako. Kama barua hiyo ni dhaifu, ni dhaifu kote. Mimi ningeiandika "kati ya 40 na 50" na kutafuta chuo cha tano chenye uwezekano mkubwa zaidi, badala ya kuongeza kingine cha asilimia 7.

Kisha ongeza safu ya fedha, maana kukubaliwa bila ada ni nusu ya safari. Harvard hutoa ufadhili kwa kuangalia uhitaji tu, hivyo ukishakubaliwa hushindani tena kwa alama. Wharton hutoa kwa sifa, na hapo kuna mchujo wa pili. Stanford ina ufadhili maalumu kwa raia wa nchi za Afrika wenye uhitaji, kwa sharti la kurudi kufanya kazi barani ndani ya miaka miwili baada ya kuhitimu na kukaa angalau miaka miwili. Uingereza, Chevening (ufadhili wa serikali ya huko) inakubali MBA lakini inaweka ukomo wa ada inayolipa, kwa hiyo pengo la juu lijue mapema.

Safu ya mwisho ni viza. Juni 2025 Marekani iliweka vikwazo vinavyogusa viza za wanafunzi kwa raia wa nchi kadhaa, Burundi ikiwemo, na Desemba mwaka huohuo Tanzania ikaongezwa kwenye orodha. Mambo haya hubadilika, basi soma tangazo la ubalozi lililo hai wiki unayotaka kulipa, si habari ya mwaka jana. Kwa pasipoti iliyofungiwa, asilimia kumi ya Harvard ni sifuri kwa msimu huo, na nafasi ya kuahirisha si jambo la kulitegemea bila kuuliza kwanza. INSEAD, London na Oxford zinapanda juu ya orodha bila mjadala.

Na kabla ya kutoa kadi ya benki, waandikie ofisi za udahili kuhusu msamaha wa ada ya maombi. Harvard na Stanford wanao kwa wenye uhitaji. Ombi hilo huwasilishwa kabla ya faili yenyewe, na lina muda wake, kwa hiyo liwe kwenye kalenda wiki kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho ya raundi.